Alama ya Sayansi Ipime Sayansi

Kila mwezi wa Agosti shule za hapa Ohio zinapofunguliwa, mtoto wa shule ya kati hurudi nyumbani na karatasi kutoka kwa kila mwalimu. Karatasi hiyo inaeleza matarajio ya darasa: mwanafunzi aje na nini, akae vipi, kazi iwasilishwe lini, na alama za robo ya mwaka zitagawanywaje. Chini kabisa pana mstari wa saini ya mzazi. Wengi wetu tunaitia saini palepale juu ya meza ya jikoni, chai inachemka, tena kwa kalamu ya mtoto mwenyewe. Hatusomi. Mtu yuleyule ambaye hawezi kununua gari bovu la dola elfu mbili bila kuita mashahidi watatu, anatia saini masharti yatakayoamua mwanawe ni mwerevu au mjinga, na hata kichwa cha habari hakukisoma.

Sisi tunaoandika haya tumo katika kundi hilo. Karatasi ya darasa la sayansi tuliitia saini Agosti na kuisoma Januari, baada ya robo ya pili kwisha, na hata hapo tuliisoma kwa sababu ya mtoto wa mwenzetu.

Mama yake ni mtu wa Pangani, anafanya kazi zamu ya usiku katika ghala moja nje ya mji wa Columbus. Alitujia Jumapili, mkononi ana bahasha.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba dada, karibu."

"Nimeambiwa nyinyi wahandisi mahesabu ndiyo yenu. Hebu nisomee hii. Mwalimu ameandika hapa kwa mkono wake kwamba binti yangu ni katika wanaoelewa zaidi darasani. Halafu kampa C. Na kwa hiyo C wamemtoa kwenye orodha ya darasa la juu la sayansi la mwakani. Sasa hiyo C imetoka wapi?"

Tukavaa miwani. Kwa wasomaji wasio na watoto wa umri huo tueleze kidogo. Mtaala wa Ohio unaweka mawe, madini na udongo katika darasa la sita; maji, angahewa na mwezi katika darasa la saba; tumbo la dunia na mabamba yake yanayosukumana katika darasa la nane, na mwaka huo wa nane ndipo jimbo linapowapa watoto mtihani wake lenyewe wa sayansi. Binti huyu yuko la saba. Robo ile walikuwa wakisoma mwezi na sababu ya maji ya bahari kujaa na kupwa. Fikirini, watoto wa Columbus, ambako bahari iko mbali mamia ya maili na wengi hawajaiona ila kwenye televisheni, wanasoma bamvua na maji mafu kwa picha ya mishale kitabuni!

Karatasi ya matarajio iligawa alama hivi: mitihani na majaribio asilimia 40, kazi za maabara 20, kazi za nyumbani 25, na kitu kinachoitwa ushiriki na vifaa 15. Vifaa ni penseli, faili lenye vigawanyo, daftari lililopambwa jalada kwa rangi. Ukija bila penseli, alama inapungua. Na mwisho, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba mwanafunzi atakayeleta boksi la tishu kwa matumizi ya darasa ataongezewa alama moja juu ya jumla yake ya robo.

Binti alikuwa na 93 katika mitihani na 90 katika maabara. Mtihani wa mwezi tuliuona kwa macho yetu. Swali lilimtaka aeleze kwa nini siku fulani za mwezi maji hujaa sana na kupwa sana. Aliandika kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, mwezi na dunia hukaa katika mstari mmoja na mivutano ikasaidiana. Na mwezi unapokuwa nusu, mivutano hukaa pembe mraba na ikapunguzana nguvu. Kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba bibi yake huko kwao huhesabu siku za mwezi kwa vidole ili ajue lini maji yatatoka mbali na wanawake waende mwambani kuchokoa pweza. Mwalimu akamwekea nyota pembeni. Tunasema hapa kwamba mwalimu huyu si mtu mbaya, na ugomvi wetu si naye.

Sasa tazameni upande wa pili. Kazi za nyumbani zilikuwa 25. Kumi na tatu aliziwasilisha na akapata zote. Kumi na mbili hazikuwasilishwa, kila moja sifuri. Hiyo ni asilimia 52. Ushiriki na vifaa alipata 60. Pigeni hesabu: 37.2 na 18 na 13 na 9. Jumla ni 77.2. Herufi C.

Na hizo kumi na mbili zilikwenda wapi? Mama hutoka nyumbani saa kumi na moja jioni. Binti hubaki na wadogo zake wawili, awapikie, awaogeshe, awalaze. Kazi za nyumbani huwasilishwa kwa kompyuta kabla ya saa sita usiku, ikipita ni sifuri, na kwa wiki tatu katika robo ile nyumba haikuwa na intaneti kwa sababu bili haikulipwa. Kwa hiyo ile asilimia 25 haikupima anachojua mtoto kuhusu mwezi. Ilipima kama mama yake anafanya kazi mchana au usiku, ikapima na bili ya simu. Halafu yote hayo yakapewa jina la sayansi.

Tuwahadithie na mvulana mmoja wa darasa hilohilo. Mitihani alipata 61. Maabara 75, na mwenzake wa meza ndiye aliyekuwa akipima na kuandika. Kazi za nyumbani mia kwa mia, kwa kuwa kila usiku mama yake huketi naye, na dada yake aliye chuoni husahihisha kabla hajabonyeza kutuma. Ushiriki na vifaa mia kwa mia; ana penseli kumi na mbili zilizochongwa. Pigeni tena: 24.4 na 15 na 25 na 15. Jumla 79.4, C kama ya binti. Lakini kijana alipeleka boksi la tishu. Ikawa 80.4. Herufi B!

Tulimwuliza kijana huyo jikoni, bila kumtisha, kwa nini maji ya bahari hujaa mara mbili kwa siku. Akafikiri, akasema ni upepo.

Kijana huyo ni wetu. Na boksi lile la tishu tulilinunua sisi wenyewe, dola moja na senti kadhaa, tukarudi nyumbani tunajiona wazazi tunaoshirikiana na shule.

Wapo watakaosema mhandisi hapaswi kuingilia kazi ya mwalimu. Sisi tunaona ni kinyume, maana kupima ndiko tunakolipwa. Zege la daraja hupimwa kwa kuvunjwa. Unamimina kipande cha mfano kwenye kalibu, unakitunza siku 28, unakiweka kwenye mashine na kukikandamiza hadi kipasuke, unaandika namba. Mkandarasi kama alikuja kwa wakati, kama vijana wake walivaa kofia, kama ofisi yake ina mafaili yenye rangi, hayo nayo ni mambo ya maana na yana karatasi yake. Lakini hatujapata kumwona mhandisi aliyechukua nguvu ya zege akaijumlisha na usafi wa kambi, akagawanya, kisha akawaambia watu wapite juu ya daraja. Angefungwa. Shuleni hesabu hiyo hufanyika mara nne kwa mwaka na hakuna anayeshtuka.

Na sifuri ndiyo mbaya kupita zote. Katika mizani ya shule nyingi za hapa, A ni kuanzia 90, B 80, C 70, D 60. Kila herufi imepewa ngazi kumi hivi. F peke yake imepewa ngazi sitini, kutoka 59 hadi chini kabisa. Fundi seremala akiletewa futi kamba ya namna hiyo ataitupa jalalani. Mtoto aliyepata 90 mara nne na sifuri mara moja, wastani wake ni 72. Kutoka A amedondoka hadi C kwa usiku mmoja. Na akitaka kuirudisha ile 90 yake, itambidi apate mia kamili mara tisa mfululizo. Tisa! Mtaalamu mmoja wa elimu wa Kimarekani, Douglas Reeves, aliyaandika haya mwaka 2004 katika makala ya kuipinga sifuri, kwa hiyo si uvumbuzi wetu.

Zipo shule zilizojaribu kutibu ugonjwa huu kwa kuweka 50 kuwa kiwango cha chini, mtoto asiyefanya kitu apewe 50. Na hili tunalipinga. Kipimo kilichokosewa hakirekebishwi kwa kuandika namba ya uongo juu yake. Kazi ambayo haikufanywa haina namba. Iandikwe kwamba haijafanywa, mtoto aitwe aifanye, hata kama ni wakati wa chakula cha mchana palepale shuleni. Akiifanya, ipimwe.

Wala tusidhani kwamba namba ya mwalimu ni jiwe lililoshuka kutoka mbinguni. Mwaka 1912 watafiti wawili wa hapa Marekani, Starch na Elliott, walipeleka karatasi moja ya mtihani wa Kiingereza kwa walimu wengi waisahihishe kila mtu kwake. Karatasi ni ileile, mwandiko ni uleule, na alama zilirudi kuanzia 64 hadi 98. Zaidi ya miaka mia imepita, nasi bado tunapigana na watoto wetu kwa ajili ya 79.

Tunajua tutakavyojibiwa. Jibu la kwanza tumelisikia msikitini, kanisani na kwenye arusi: mtoto lazima afunzwe wajibu, dunia haimsubiri mchelewaji, kazini ukichelewa unafukuzwa. Kweli kabisa. Sisi wenyewe ni wakali wa saa, na waliofanya kazi chini yetu wanalijua hilo. Lakini hebu tujiulize, C ya sayansi imemfundisha binti huyu wajibu gani? Kila usiku analea watoto wawili. Wajibu anaujua kuliko kijana wetu mwenye penseli kumi na mbili, na kuliko baba yake pia alipokuwa na umri ule. C imemfundisha kwamba sayansi si yake. Mama yake ametuambia kwamba ameacha kuuliza habari za mwezi na sasa anasema atasomea kusuka nywele. Kusuka ni kazi ya halali na ina fedha. Lakini aichague kwa kuipenda, asisukumwe nayo na homuweki kumi na mbili.

Jibu la pili ni la walimu, na lina uzito zaidi. Mwalimu wa shule ya kati huenda ana wanafunzi zaidi ya mia moja kwa siku, vipindi vinapishana, na alama ndiyo bakora pekee aliyoachiwa. Ukimnyang'anya, nani ataleta penseli? Tunaliheshimu jibu hili. Hata hivyo linakiri lenyewe kwamba alama hiyo ni bakora, si kipimo. Basi na iitwe bakora, iwekwe mahali pake.

Jibu la tatu ni la wazee wenzetu waliosoma nyumbani: kwa nini hawafanyi kama sisi, mtihani mmoja mwisho wa mwaka, anayejua ajulikane? Wazee wetu, samahani. Sisi tulifanya mtihani wa darasa la saba Tanzania katika miaka ya themanini, na tunakumbuka viti vilivyobaki wazi mwaka uliofuata. Shule za sekondari za serikali zilikuwa chache mno, na siku moja ya homa ya malaria ilitosha kumrudisha shambani mtoto mwenye akili kuliko sisi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliona ubovu huo mapema. Lilitaka mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee, na kazi za mwaka mzima nazo zihesabiwe. Hatutaki kurudi kwenye siku moja ya hukumu. Maabara ipimwe, michoro ipimwe, mtoto aulizwe kwa mdomo, apewe nafasi ya pili. Tunachokataa ni penseli na tishu kuingia chungu kimoja na mwezi.

Na dawa yake tunaijua, maana tulilelewa nayo. Nani hakumbuki ripoti ya shule ya Tanzania? Juu masomo, kila somo na alama yake. Chini, sehemu ya peke yake: tabia na mwenendo. Bidii ya kazi, utii, usafi, ushirikiano, kila kimoja kina herufi yake. Mzee wako akiona A ya hesabu na D ya usafi, anajua hasa la kukuchapia. Hakuna aliyewahi kupata B ya jiografia kwa sababu alifua shati. Laiti binti yule angepewa ripoti ya namna hiyo, ingesomeka: sayansi A, uwasilishaji wa kazi D. Darasa la juu lingemchukua kwa ile A, na ile D ingemfanya mtu fulani pale shuleni aulize, mtoto huyu nyumbani kwake kuna nini? Na kijana wetu ripoti yake ingesomeka: nidhamu A, sayansi D. Tungeshtuka Januari. Sasa tungeshtushwa na nani? Tuna B ukutani, imebandikwa kwa sumaku kwenye friji, hadi mwakani mtihani wa jimbo uje utuambie ukweli, na hapo tutasema mtihani unawaonea weusi.

Tumefika kwetu wenyewe, na hapa hatutamung'unya maneno. Jumuiya yetu kila mwezi wa Juni, kwenye pikiniki ya bustanini, hutoa zawadi kwa watoto wenye A na B tupu. Watoto huitwa jukwaani, kina mama hupiga vigelegele, picha hupigwa. Sisi tumekaa katika kamati hiyo miaka minne. Hatukuwahi kumwuliza mtoto hata mmoja anajua nini. Tulisoma herufi, tukanunua saa na mabegi. Mwaka huu orodha imeshaanza kuandikwa. Jina la kijana wetu limo, la binti wa Pangani halimo, na tofauti kati yao, tunarudia, ni boksi la tishu.

Barua kwa shule tumeiandika na mama yake ameitia saini, safari hii baada ya kuisoma mstari kwa mstari. Mwalimu amejibu kwa adabu. Anasema mgao wa alama si wake, umewekwa na walimu wote wa somo pamoja, ila ataruhusu kazi nane kati ya zile kumi na mbili zifanywe upya shuleni mchana. Tumekwisha kupiga hesabu: akizipata zote nane, kazi za nyumbani zinakuwa 84 na jumla yake inakuwa 85.2. Sayansi yake haijabadilika hata chembe, lakini herufi itabadilika. Kuhusu orodha ya darasa la juu ameambiwa asubiri. Tutamsindikiza mama kwenye mkutano wa wazazi na walimu, na tunawaomba wengine wenye watoto katika shule za kati waende na swali moja: katika alama hii ya sayansi, sayansi ni kiasi gani?

Kwa kamati tumeleta pendekezo kwamba zawadi za herufi zisimamishwe mwaka huu. Badala yake, mtoto yeyote atakayetaka asimame kwa dakika tano mbele ya watu wazima aeleze jambo moja alilosoma, kwa Kiswahili au Kiingereza, na aulizwe maswali. Begi tutampa huyo. Mwenyekiti amesema tunataka kuharibu sherehe. Katibu amesema watoto wataona aibu. Mama wa kijana wetu, naye ni mjumbe, amesema mengine ambayo hayaandikiki hapa. Jina la kijana tumelitoa kwenye orodha, na tangu Jumatano hasemi nasi.

Kikao ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi jioni, ukumbi uleule. Anayepinga na aje, ila aje na karatasi ya matarajio ya mtoto wake mkononi, ile aliyoitia saini Agosti.